Mkono wa Mama Limi

Taa za asubuhi zilipowashwa katika ujia wa sita nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa Mama Limi, sanduku la vifaa begani. Nikabisha, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, Lugembe. Karibu ndani. Viatu viache huko huko, nimetoka kupiga deki."

Chumba chake kilikuwa kama vyumba vyote vya Chimbo la Tatu: kimechongwa kwenye mwamba, dari limepakwa chokaa, na ukutani bado unaona mikwaruzo ya mashine za watu waliotafuta dhahabu humu kabla jua la juu halijawa kali kiasi cha kutukimbizia huku chini. Nyuma ya kitanda ndipo lilipokuwa hema la kukuzia mimea. Lilikuwa na kimo cha mtu mzima na upana wa kitanda. Kitambaa chake cheusi kwa nje, cha kung'aa kwa ndani, na mbele zipu ndefu. Mama Limi aliifungua taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

Ndani mlikuwa na magunia manne ya viazi vitamu na sanduku moja la mchicha. Marando yalikuwa yametambaa toka gunia hadi gunia mpaka usingeweza kusema jani hili ni la wapi. Joto la taa lilinipiga usoni pamoja na harufu ya udongo mbichi.

"Wasalimie," alisema.

"Hamjambo," nikayaambia magunia.

Binti yake, Limi, aliyekuwa anafunga mkanda wa kazi karibu na mlango, alicheka. Alifanya kazi kwenye mapangaboi makubwa yanayotuletea hewa, na kila mara alikuwa na vumbi la kijivu kwenye nyusi. "Mama, fundi ana kazi nyingine leo."

"Salamu haicheleweshi mtu. Haya, Lugembe, nioneshe huyo atakayeninyang'anya kazi."

Nikatoa glavu. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya udongo, na nyuzi za shaba zilipita kwenye kila kidole.

"Haikunyang'anyi kitu, mama. Inajifunza kwako. Utaivaa siku thelathini kila unapomwagilia. Itashika unainamisha kopo kiasi gani, unasubiri muda gani, unaanzia wapi, unaishia wapi. Baada ya hapo pampu itamwagilia kwa mkono wako."

"Mwanafunzi asiye na masikio," alisema, akiigeuzageuza. "Nikimkosea atanijibu?"

"Hajibu."

"Basi anamshinda Limi."

Nilianza kazi. Tangi la lita ishirini nililiweka sakafuni, chini kuliko magunia, na juu ya pampu nikatoboa tundu dogo kwenye mpira. Mama Limi aliinama kuniangalia. Alikuwa mtu wa kuuliza, na mimi napenda watu wa kuuliza, kwa sababu nami kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliijua kwa kuharibu vitu.

"Unatoboa mpira mzima, kwa nini?"

"Ni tundu la pumzi. Maji yakishaanza kuteremka kwenye mpira hayajui kwamba pampu imezimwa. Yanavutana yenyewe mpaka tangi linakauka na chumba kinajaa. Tundu likiingiza hewa, yanakatika."

"Kumbe nayo husahau kuacha."

"Husahau, mama."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, akaenda kuchemsha chai.

Nieleze kidogo hapa kwa nini glavu. Miaka ya mwanzo humu chini tulimwagilia kwa saa: kila asubuhi pampu inawaka, inazima. Mimea ikanywa kwa ratiba na ikafa kwa ratiba. Tukaweka vipima unyevu. Kipima kilijua udongo uliokigusa chenyewe. Hakikujua kwamba kona ya kushoto inapigwa na upepo wa mapangaboi na ya kulia iko karibu na taa. Mahema yaliyostawi yalikuwa ya watu waliokuwa wakipita kwa siri na kikombe, wakiongeza hapa, wakiacha pale. Ndipo mtu mmoja wa ujia wa pili akasema, kama mkono unajua, tuupe mkono nafasi. Tangu hapo kila pampu ina mkono wa mtu.

Sasa Halmashauri ya Maji ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa mwezi wa nane mabomba ya kukinga kwa kopo yatafungwa katika mahema yote. Maji yatapita kwenye pampu tu, vikombe arobaini na tano kwa wiki kwa hema la ukubwa ule. Mkono uliopimwa na kukubaliwa unabaki na hema lake. Mkono unaomwaga kupita kiasi, au unaorudiarudia, unaandikwa kwamba umechoka, na hema linakwenda kwa familia inayofuata kwenye foleni. Foleni ilikuwa ndefu. Sikuwa na ugomvi na sheria hiyo. Nilikuwa nimeona watoto kwenye foleni ile.

*

Baada ya siku thelathini niliichukua glavu nikaisoma mezani kwangu.

Mkono ukisomwa unaonekana kama mstari wa mawimbi: hapa kopo limeinama, hapa limesimama. Mkono wa Mama Limi ulikuwa mzuri. Alimwaga kikombe kimoja kwa kila gunia bila kutetemeka, akizunguka shina, na mwishoni aliinua kopo kwa mkunjo mdogo wa kifundo ili tone la mwisho lisianguke ovyo. Nilirudia mkunjo ule mara kadhaa kwa ajili ya kuutazama tu.

Halafu nikaanza kuhesabu.

Siku sita kati ya thelathini alikuwa amemwagilia hema zima mara mbili, ya pili saa moja tu baada ya kumaliza, kana kwamba ile ya kwanza haikuwapo. Siku mbili alikuwa amemwaga nusu kikombe kwenye kona ya mbele, mahali pasipo na gunia wala sanduku. Na kila siku, zote thelathini, alifika gunia la tatu, akamwaga kikombe, akatulia kwa pumzi nne au tano, kisha akamwaga kingine palepale.

Nilikaa na mistari ile kwa muda mrefu. Gunia la tatu ndilo lililo katikati, ukihesabu na sanduku la mchicha. Nilifikiri, hapo ndipo anapopoteza hesabu. Anasimama, anajiuliza, "Hili nimelinywesha?" Kisha analinywesha tena.

Sisi mafundi tuna kazi tunayoiita kupalilia. Mtu alikuwa na mafua, au mgeni alibisha mlango akiwa katikati ya kumwagilia. Siku kama hizo tunaziondoa ili pampu isijifunze chafya. Tunaruhusiwa siku tatu. Mimi nilipalilia siku nane, na kwenye siku zote zilizobaki nikakifuta kile kikombe cha pili cha gunia la tatu. Nilipomaliza, mstari ulikuwa safi. Vikombe thelathini na vitano kwa wiki. Kilichobaki ni fomu, ambayo chini yake imeandikwa: Nathibitisha kwamba mkono huu ni wa mwenyewe. Na mstari wa sahihi ya fundi.

Nilikuwa bado naitazama fomu wakati Limi alipoingia na bakuli la chakula chake cha mchana.

"Umeshaisoma," alisema. Hakuuliza.

"Nimeisoma."

"Basi umeona." Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Juzi alitia mboga chumvi mara mbili. Nikala. Nikamwambia tamu. Akaniongezea."

"Ukala na ile?"

"Nikala. Mchana kutwa nilikuwa nakunywa maji kama mtu aliyetoka juu." Alicheka, halafu furaha ikamtoka usoni. "Lugembe, umeitengeneza?"

"Nimeipalilia. Kupita kiasi kinachoruhusiwa."

"Lakini itakubaliwa."

"Itakubaliwa. Sijatia sahihi. Na yeye hajui."

"Asijue. Nakuomba, fundi. Lile hema ndilo linalomwamsha. Anaamka akiuliza marando yamelalaje, kabla hata hajaniuliza mimi. Ukimwambia mkono wake umechoka, atakaa chini, na namjua mama yangu, akikaa chini hanyanyuki." Alikuwa ameshika kijiko bila kula. "Sahihi ni wino tu."

"Ni wino wangu, Limi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine."

Ukweli ni kwamba sikuona nani kati yetu alikuwa na kosa. Nilimwambia tutaiwasha pampu kwa wiki ya majaribio, kama kanuni inavyotaka, na mkaguzi atakapokuja Ijumaa ya wiki inayofuata nitakuwa nimeamua.

*

Siku ya tano ya majaribio Mama Limi aliniita. Nilimkuta amesimama mbele ya hema, zipu wazi, mikono kiunoni.

"Mashine yako ni mwizi."

"Imefanya nini, mama?"

"Njoo umwone huyu."

Gunia la tatu lilikuwa limelegea. Majani ya juu yalining'inia kama vitambaa vilivyoloweshwa, na jirani zake pande zote walikuwa wamesimama wima.

"Hajanywa," alisema.

"Amekunywa, mama. Nimehakikisha tangi. Amepewa kikombe kama wenzake."

"Ndicho ninachokuambia. Amepewa kimoja. Na mwenzake je?"

"Mwenzake yupi?"

Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kujua. Kisha akapiga goti, akayasogeza majani kwa mkono wote, akanionesha shina. Yalikuwa mashina mawili. Yametoka kwenye shimo moja na kutambaa pamoja, moja limeegemea jingine.

"Lugembe, jina langu nani?"

"Mama Limi."

"Kabla ya Limi kuzaliwa niliitwaje? Au nilikuwa nasubiri jina?"

Nilifungua mdomo nikagundua kwamba sijui. Nilimfahamu miaka ishirini. Kwenye daftari langu, kwenye fomu, kwenye orodha ya maji, alikuwa Mama Limi.

"Mimi ni Doto," alisema. "Kulwa alinitangulia kutoka, akanitangulia na kuondoka. Hakuwahi kushuka humu. Haya marando alinikatia yeye mwenyewe siku ya mwisho juu, akanifungia kwenye khanga. Mapacha hawapewi kwenye bakuli moja, huyu akala na yule akachungulia. Unampa huyu, unangoja amalize, halafu unampa yule. Mama yetu alitulea hivyo. Wewe hukulelewa na mama?"

"Nililelewa, mama."

"Glavu yako haikuona?"

"Iliona," nikasema. "Iliona kila siku. Mimi ndiye niliyekifuta kikombe cha pili."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Alibaki amepiga goti, mkono kwenye majani.

"Ulikifuta kwa nini?"

"Nilidhani umesahau."

Pampu ndani ya tangi ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate.

"Na nini kingine umefuta, Lugembe?"

Hapo nilimkumbuka Limi na kijiko chake. Ningeweza kusema, hakuna. Gunia la tatu ningelirudishia haki yake, mkono ungepita, na mwanamke huyu angeamka kesho akayauliza marando yamelalaje. Lakini nilikuwa nimekosea mara moja kwa kuamua peke yangu kipi ni kosa lake, na sikuona kilichonipa haki ya kuendelea.

"Siku nane," nikasema. "Siku sita ulimwagilia mara mbili. Siku mbili ulimwaga maji kwenye kona ambayo haina kitu. Hizo nadhani zilikuwa za kusahau kweli. Samahani, mama. Ningekuuliza kabla."

Alinyoosha mkono. Nikamsaidia kusimama. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Limi anajua?"

"Anajua. Alikula mboga ya chumvi kwa ajili yako."

"Ile mboga!" Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. "Nikajiuliza mbona mtoto anakula huku macho yamemtoka." Kicheko kikapungua, kikaisha. Alijipangusa macho kwa ncha ya khanga, na sikuweza kujua machozi yale ni ya kicheko au ni ya kitu kingine.

"Lete hiyo glavu," alisema. "Nataka kujiona."

*

Glavu inaweza kurudisha. Ukiivaa na kuigeuza, nyuzi zinavuta vidole polepole na mkono wako unafanya tena ulichokifanya siku ile. Sisi huitumia kutafuta hitilafu. Sikuwahi kumwona mtu akiitumia kujitafuta.

Aliketi kitandani, mimi kwenye kigoda na daftari, Limi mlangoni akiwa bado na vumbi la kazini, amekunja mikono, hasemi na mimi. Tulianza na siku ya kwanza.

Mkono wa Mama Limi uliinuka peke yake hewani, ukainamisha kopo ambalo halikuwapo, ukazunguka.

"Huyu ni mimi," alisema. "Songa mbele."

Siku ya pili. "Mimi." Siku ya tatu. "Mimi, ila nilikuwa na haraka, Limi alikuwa ananiita." Siku ya nne mkono ulimaliza, ukatulia, kisha ukaanza upya toka gunia la kwanza. Alifumba macho, akaufuata hadi mwisho.

"Huyu simjui," alisema. "Mtoe."

Limi alisogea hatua moja. "Mama, si lazima..."

"Kaa, Limi. Kama ni kupaliliwa, nitajipalilia mwenyewe."

Tuliendelea hivyo mchana kutwa. Zile siku sita alizitoa zote, moja baada ya nyingine, bila kulia wala kubishana, jinsi anavyochambua mchicha: hili bichi, hili limeliwa na mdudu. Kwenye siku ya kumi na saba mkono ulikwenda tofauti. Uliacha magunia, ukanyooka mbele kuelekea ile kona tupu, ukamwaga kidogo, chini kabisa, karibu na ardhi. Na vidole vya mkono mwingine, usio na glavu, vikaanza kusuguana vyenyewe, kama mtu anayetawanya punje.

Akafungua macho.

"Kuku," alisema.

"Nini, mama?"

"Nilikuwa nawapa kuku maji. Sufuria lao lilikaa hivi, kulia kwa mlango, nyumbani." Alitazama kona, akatutazama sisi. "Nilikuwa huko kabisa."

Katika miaka yetu yote arobaini humu chini hakujawahi kuwa na kuku. Limi alikuja akaketi karibu naye, bega kwa bega, akamshika ule mkono wenye glavu.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Saba. Na jogoo mmoja asiye na adabu."

Nilishika kalamu juu ya daftari. "Siku hii niitoe?"

Mama Limi alitazama daftari langu. "Hesabu yangu ya maji inasemaje?"

Nilihesabu. Magunia mengine matatu, kikombe kimoja kila moja, la tatu viwili, mchicha kimoja. Sita kwa siku, arobaini na viwili kwa wiki. "Vinabaki vitatu."

"Basi kuku mpe nusu kikombe. Mara moja kwa wiki. Hawa wengine waliozidisha ni mtu aliyepotea. Huyu hakupotea, Lugembe. Huyu alikwenda mahali."

Nikaongeza mpira wa sita, wa kwenda kwenye kona. Limi aliweka kopo la bati kwenye kona.

*

Mkaguzi alikuja Ijumaa, mwanamke mtu mzima aitwaye Bi Ngolo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma mstari wote bila kuharakisha.

"Siku sita zimepaliliwa, fundi. Ruhusa ni tatu."

"Ruhusa ya fundi ni tatu," nikasema. "Hizi sikupalilia mimi. Ni mwenyewe. Kanuni haisemi kitu kuhusu mwenyewe."

"Haisemi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza." Alimgeukia Mama Limi. "Mama, nisamehe kwa swali hili. Unasahau?"

"Nasahau," alisema Mama Limi. "Na nitazidi. Ndiyo maana nimechagua sasa, nikiwa bado nakumbuka. Kesho nikija hapa na kopo, mashine iniambie imeshamwagilia, nami nitamwamini, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha."

Bi Ngolo aligusa gunia la tatu. Lilikuwa limesimama tena; mashina mawili, majani yamechanganyika.

"Mkikata haya marando mtanikumbuka?"

"Nitakufungia kwenye khanga."

Akaendelea kuhesabu mipira kwa ncha ya kalamu. Mitano akaiandika. Kwenye wa sita alisimama, akaufuata kwa macho hadi kona, hadi kwenye kopo la bati.

"Na huu?"

Tulitazamana, Limi na mimi. Mama Limi ndiye aliyejibu.

"Wa kuku."

Bi Ngolo alitazama kona. Alichungulia chini ya kitanda. Akainua miwani, akaipangusa kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Ni wengi?"

"Saba. Na jogoo."

"Nusu kikombe haitawatosha," alisema, akaandika: *Mpira wa sita, kuku, kikombe kimoja.* Kisha akaisukuma fomu upande wangu wa meza, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini. Nathibitisha kwamba mkono huu ni wa mwenyewe.

Niliomba kwanza kurekebisha jambo moja. Palipoandikwa *Mama Limi* nikaongeza, kwa herufi zangu ndogo, *Doto*. Halafu nikatia sahihi.